Tai wa Jiwe la Tundu

Borgasta,
Kisiwa cha Lewis, Scotland
12 Agosti 1985

Kaka Tormod,

Salamu zako na za wifi Lorna zilifika pamoja na soksi za Mama, naye amezivaa siku hiyo hiyo ingawa ni kiangazi. Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu. Goti la Mama la kushoto linamtesa. La kulia anasema bado ni la msichana. Majani ya ng'ombe yamelowa mara tatu na tumeyageuza mara tatu. Mimi nafuma kama kawaida, asubuhi mpaka saa nane, halafu mgongo unaniambia toka nje, nami natoka.

Huko nje ndiko kwenye habari ya leo. Unajua tangu mwalimu wa shule alipohama akaniachia kamera yake, mimi huenda zangu pwani peke yangu. Nilianza na mawimbi, kwa sababu mawimbi hayakimbii ukiyasogelea. Halafu sili, wale wanyama wa baharini wanaolala kwenye mawe, halafu mwanga ule unaokuja mvua ikipita, dakika nne tano hivi, bahari inakuwa kama bati jipya. Kamera naifunga kwenye mfuko wa mkate isiingie chumvi. Jirani yetu Kirsty, mjane wa Iain, hachoki kunichokoza. Juzi kanikuta langoni na begi langu.

"Unaenda kumwona bwana gani huko majabalini kila siku?"

"Bwana mwenye manyoya."

"Ah, hata marehemu wangu alikuwa nayo mgongoni, wala sikumfuata juani na mvuani."

Naenda peke yangu kwa sababu ndege wanahesabu. Wakiona watu wawili wanaondoka wote. Wakiona mmoja aliyekaa kimya nyuma ya ukuta wa mawe, baada ya saa mbili wanamfanya kuwa jiwe.

Sasa funua karatasi uliyoikuta ndani ya bahasha. Ni tai wa Borgasta, jike, anatua kiotani. Ni kiota kile kile ambacho babu alikuwa akikionyesha kwa kidevu, kwa vile kukionyesha kwa kidole aliona ni utovu wa adabu. Nyuma yake unaliona Jiwe la Tundu na bahari ikipita katikati. Picha hii imenichukua majira matatu. Nilikaa mbali sana, kwa lenzi ndefu, nisimtie wasiwasi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, kinda mmoja ameruka.

Kaka, unakumbuka kiota cha bonde la pili. Wezi wa mayai walikimaliza. Watu wazima, wana kazi zao na nyumba zao, wanaiba yai wanalitoboa na kulifungia kwenye droo walitazame. Tai wale hawakurudi tena. Huyu ndiye pekee aliyebaki upande wetu wa pwani. Kwa hiyo picha hii ni ya ukuta wako. Mama ameiona, na wewe, basi.

Mama anauliza kama huko mnakula viazi vya kweli.

Dada yako,
Murdina


Hamilton, Ontario
Kanada
30 Septemba 1985

Mdogo wangu Murdina,

Barua yako nimeipata, nikaisoma kwa sauti na Lorna akasikiliza. Hatujambo. Kiwandani chuma kinamwagika kama zamani, ila vijana wanapunguzwa na sisi wazee tunabaki kuwatazama wakitoka getini. Mwambie Mama viazi vya huku ni vikubwa na havina ladha.

Picha. Niliiweka juu ya redio, jioni nikawa sitazami kitu kingine. Nilipoliona Jiwe la Tundu nilisikia harufu ya mwani. Mwakani natimiza miaka ishirini tangu nilipopanda meli ile, na sikudhani pua inaweza kukumbuka kiasi hicho.

Nimewaonyesha wachache wa chama chetu, sisi watu wa visiwani tunaokutana Ijumaa. Wote ni watu wa nyumbani. Mzee mmoja kutoka upande wa kaskazini wa kisiwa alitokwa na machozi, halafu akasingizia moshi wa kiko, na kiko chenyewe hakijawashwa. Kuna aliyesema ingefaa kalenda. Picha imependwa sana, dada. Unaweza kunitumia nyingine kubwa zaidi?

Majani ya miti hapa yamekuwa mekundu.

Kaka yako,
Tormod


Borgasta
2 Desemba 1985

Kaka Tormod,

Tu wazima, ingawa upepo umeng'oa mlango wa banda la mtambo wa kufumia na nimefuma siku nne nikiwa na turubai mgongoni. Mama alianguka akienda kuwalisha kuku. Hakuvunjika. Alikaa chini akawaita kuku waje wao.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kukuudhi. Sikuipata, kwa hiyo nasema hivi hivi. Kalenda hapana, kaka. Nimefurahi kuwa wazee wameiona. Lakini jiwe lenye tundu kama lile halipo kwingine pwani hii yote. Anayelijua akiiona picha anajua na mahali. Iondoe juu ya redio uiweke chumbani.

Kubwa sitatuma. Nisamehe.

Mikutano ya maombi imeanza Jumatano, na mchungaji wetu mpya ana sauti ndogo lakini tunamsikia.

Murdina


Hamilton
20 Januari 1986

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Theluji imefika madirishani. Lorna alikuwa na kifua wiki mbili, sasa nafuu. Gari langu limekataa kuwaka tangu siku ya mwaka mpya, naenda kazini na jirani Mpolandi asiyenyamaza.

Ulichoandika nimekisoma. Picha nimeihamishia chumbani.

Je, Mama amepata dawa ya kuchua niliyotuma? Ile ya kopo la kijani. Apake asubuhi na jioni, asiionje kama ile ya mwaka jana.

Nitaandika kirefu siku nyingine.

Tormod


Borgasta
28 Aprili 1986

Kaka Tormod,

Mama anakusalimu. Dawa imemfaa na hakuionja. Kondoo wamezaa vizuri, pacha kumi na moja, tumepoteza mmoja tu. Kirsty amenunua baiskeli akiwa na miaka sitini na mbili, na mbwa wote wa Borgasta wamepata kazi.

Tai ameibiwa.

Nakuandikia kwa mpango ili nisisahau. Mwishoni mwa Machi jike alianza kulalia. Tarehe 10 Aprili nilikuwa nyuma ya ukuta wangu, akasimama kugeuza mayai, nikayahesabu mawili. Jumatatu tarehe 14 nilirudi na kiota kilikuwa kitupu. Jike alikuwa amesimama pembeni mwa vijiti. Alitazama ndani, akatazama baharini, akatazama ndani tena. Alifanya hivyo muda wa kama saa nzima, halafu akaondoka, na hajarudi.

Juu ya jabali nilikuta chuma kimepigwa ardhini, na nyasi zimesuguliwa na kamba. Bwana wa ndege, yule wa chama cha kuwalinda, alikuja kutoka mji wa bandari, akapima nyayo, akaandika. Anasema walikuwa wawili na wanaijua kazi yao. Walichagua Jumapili, saa ambayo kila mtu wa Borgasta yuko kanisani na hata mbwa wamefungwa. Gari dogo la buluu lilionekana kwenye lango la makaburi. Lilionekana na nani, hilo tuliache.

Bwana wa ndege ameniuliza jambo moja, nami nakuuliza wewe. Anasema kwa kawaida hawa watu hutafuta siku nyingi, huzurura, huonekana. Hawa walikuja moja kwa moja kama walioelekezwa. Ameuliza kama kuna picha yoyote iliyotoka.

Nilimwambia ni moja tu, iko kwa kaka yangu, na kaka yangu ameiweka chumbani.

Ndivyo, kaka?

Murdina


Borgasta
7 Julai 1986

Kaka Tormod,

Sijapata jibu. Mtu wa posta amechoka kuniona langoni. Labda barua imepotea, labda kiwandani mna kazi nyingi. Mama haumwi ila anazeeka. Juzi aliniita kwa jina la shangazi, akajirekebisha, akacheka peke yake.

Nilikuuliza swali mwezi wa nne, na huenda nilikuuliza kwa ukali. Sina haki ya ukali. Nakueleza sababu, na wewe ndiwe mtu wa kwanza kuisikia.

Gari la buluu nililiona mimi.

Ilikuwa saa tano na nusu, natembea kwenda ibada, Kirsty yuko mbele yangu na wengine wako nyuma. Lango la makaburi unalijua, barabara inapita karibu. Wanaume wawili walikuwa wanashusha kamba, kamba nene ya rangi ya chungwa, na mmoja akaniamkia vizuri tu, kwa Kiingereza cha mbali. Nikamwitikia. Nilijua ni nini. Hakuna kitu kingine cha kufanya na kamba ndefu kiasi kile upande ule. Ningegeuka, ningepanda njia ya kondoo, ningesimama tu juu ya jabali nikiwa na kofia yangu ya Jumapili, wasingethubutu mbele ya mtu. Au ningerudi nyumbani kupiga simu. Nilisema moyoni, leo ni Sabato, nikaingia kanisani.

Mahubiri yalikuwa ya saa moja na nusu. Siwezi kukuambia yalihusu nini. Niliimba zaburi zote. Baada ya ibada nilikula supu ya kondoo pamoja na Mama, nikakaa na kitabu mkononi hadi ibada ya jioni, nikaenda tena. Jumatatu ndipo nikachukua kamera.

Mwezi uliopita tulikuwa na siku za Meza ya Bwana. Wageni walijaa kila nyumba. Sisi tulilaza watu saba. Walioitwa Mezani waliinuka, mimi nikabaki kwenye benchi la nyuma. Nina miaka ishirini na nne Mezani, kaka, na watu wa Borgasta wanajua kuhesabu. Siku ya pili akaja mzee wa kanisa Aonghas, kofia mkononi.

"Murdina, hatukukuona Mezani."

"Nilikuwa benchi la nyuma."

"Nimekuuliza sababu, sikukuuliza benchi."

"Mwache kwanza anywe chai yake, Aonghas," Mama akasema. "Umeingia kama polisi."

"Polisi hupewa biskuti?"

"Wakikaa chini, hupewa."

Akakaa, akala mbili, akasubiri. Sikumwambia. Aliondoka amenikunjia uso, na ana haki.

Tangu Aprili sijatoka na kamera. Mwanga unakuja na kupita, nauona dirishani nikiwa mtamboni. Usiku nikimwambia Mama naenda kuomba, siombi kitu, nakaa tu nimefumba macho.

Sasa umelijua langu. Lako kama lipo nieleze, na kama halipo niambie halipo, nitaamini.

Murdina


Hamilton
15 Agosti 1986

Murdina,

Barua haikupotea. Ya Aprili ilifika tarehe 9 Mei. Nimekuwa nayo mfuko wa ndani wa koti la kazi tangu siku hiyo, na sasa maandishi yamefutika penye mkunjo.

Lorna anasema niandike au yeye ataandika.

Kalenda ilikwisha chapishwa. Nilipokuandikia ile ya Septemba, kwamba kuna mtu amesema ingefaa kalenda, nilikuwa nimeshaipeleka picha wiki iliyotangulia. Yako ya Desemba iliponifikia, kalenda mia tatu zilikuwa zimegawanywa. Mwezi wa Mei, picha ya tai. Nilisema nimeihamishia chumbani, na ni kweli niliihamisha. Nilikuandikia habari za gari langu.

Kuna baya zaidi. Chini ya kila picha ya kalenda waliandika jina la kijiji. Hilo wazo lilikuwa langu. Wale wazee hawataki picha ya tai wala ya jabali, wanataka kuona jina la kwao limeandikwa kwa herufi kubwa, mtu aweke kidole pale aseme huku ndiko. Kijiji chetu hakikuwahi kuwamo. Kila mwaka wanaweka picha za vijiji vya kaskazini, sisi wa magharibi tunapiga makofi. Nilisema safari hii waione Borgasta. Nilisimama ukumbini wakanishangilia, dada. Na kwa Krismasi kila mmoja akatuma kalenda kwa nduguze, Glasgow, London, kila mahali. Nani aliitazama ukutani kwa nani, hatutajua.

Mwezi Mei, mwezi wenyewe wa picha, nilizunguka kwa watu kuwaomba waichane. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Nilikusanya arobaini na moja. Mzee wa kiko alikataa kunipa yake. Alisema, "Tormod, tai ameshakwenda, mimi niondolewe na jina?"

Wewe unasema uliwaona wanaume wawili ukapita. Mimi ndiye niliyewaandikia anwani. Usijilinganishe nami.

Sitakuomba picha tena.

Tormod


Borgasta
27 Aprili 1987

Kaka Tormod,

Mama anakusalimu, na safari hii ameagiza niandike kwamba yeye mwenyewe yuko hapa ananitazama nikiandika. Wifi Lorna mpe salamu zangu, na shukrani pia, kwa sababu najua asingesema yeye, usingeandika. Kondoo wamekuwa na majira mazuri ya kuzaa. Kirsty ameanguka na baiskeli mtaroni, akatoka na bata wa mwitu mkononi. Hakuna anayeelewa na yeye haelezi.

Barua yako nilijua nitaijibu, sikujua lini. Wakati wa baridi nilikukasirikia, nakuambia wazi. Nilikuwa nafuma na kukukasirikia, na mwenye karakana anayenunua kazi yangu alisema kitambaa cha majira yale kilikuwa kigumu kama mlango. Kufika Februari hasira ilikuwa imeniishia kuhusu wewe, nikabaki na yangu. Nikaenda kwa mchungaji, nikamwambia habari ya gari, ya kamba, ya zaburi zote nilizoimba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti yake ndogo:

"Jumapili ya kuzalisha kondoo, Murdina, huwa unavaa nini?"

"Mabuti na koti la mvua."

"Na kanisani unafika saa ngapi?"

"Sifiki."

"Nimewahi kukutumia mzee wa kanisa?"

"Hapana."

"Basi."

Nilirudi nyumbani nikadhani nimepona, na sikuwa nimepona. Kwa sababu, kaka, jibu lile nilikuwa nalijua tangu utotoni. Baba alikesha na ng'ombe siku za Sabato na hakuna aliyemsema. Kwa hiyo Jumapili ile sikuzuiwa na Sabato. Nilizuiwa na waliokuwa nyuma yangu barabarani. Wameshanizoea kama mwanamke mwenye kamera, wananitania. Wangeniona nageuka mlangoni mwa kanisa kuelekea baharini, wangesema Murdina ameacha ibada akapige picha. Hilo tu. Nililinda jina langu, na wewe ulikuwa unalitafutia jina la Borgasta mahali. Sijui nani alikosa zaidi na nimeacha kupima. Nilimrudia mchungaji nikamweleza na hilo. Mwezi wa tatu, siku za Meza ya Bwana kijiji jirani, niliinuka pamoja na wengine.

Sasa sikiliza. Tai wamerudi. Si mahali pale, wala sikuandikii ni wapi, hata wewe, na usiniulize. Walijenga tangu Februari, na jike analalia. Bwana wa ndege anajua, mimi najua, na mzee wa kanisa Aonghas anajua, kwa sababu nilihitaji mtu wa pili. Jumapili moja nakaa mimi juu ya jabali, Jumapili inayofuata anakaa yeye, kuanzia asubuhi hadi watu watoke kanisani. Siku hiyo kamera naiacha nyumbani. Kulinda ni huruma, kupiga picha ni starehe yangu. Hiyo ni hesabu niliyoifanya mwenyewe. Aonghas huja na darubini na Biblia, na amekiri kwamba Biblia hajaifungua. Jumapili yake ya kwanza waliomwona akipanda njia ya kondoo na suti yake nyeusi walimtangaza amepatwa na wazimu. Alipoulizwa alijibu, "Nina mgonjwa nakwenda kumwangalia," akaendelea kupanda. Kwa hiyo sasa wananitania mimi kwamba nimempata bwana asiye na manyoya.

Siku za kazi nimeanza kutoka tena peke yangu. Alhamisi iliyopita nilikaa saa tano, mvua ikaja ikapita, na ule mwanga ukaja nyuma yake. Dume alileta jani refu la mwani mweusi, akalitandika kiotani mbele ya jike kama mtu anayeleta shuka, naye akasogea akampa nafasi. Nilipiga mara mbili tu. Filamu sikuituma bara kusafishwa. Bwana wa ndege aliisafisha mwenyewe kwake, nikasimama mlangoni mpaka alipomaliza.

Picha ni nzuri kuliko ile. Nakwambia ili ujue ipo. Iko kabatini kwa Mama, chini ya shuka za wageni, na haitatoka nje ya nyumba hii. Hata kwa bahasha ya kaka yangu.

Nilimsomea Mama hapo juu, akasema, "Sasa yeye ataionaje?"

Nikasema, "Atakuja."

Akasugua goti lake la kushoto. "Hakuja alipokufa baba yake."

"Hakuitwa kwa maneno haya, Mama. Tulimpigia simu ya kifo akajibu kwamba meli zimejaa. Hatukumwambia njoo."

"Basi mwambie."

Kinda akitoka kwenye yai mwezi Mei ataruka mwishoni mwa Julai. Ndege ya kwenda Glasgow unaijua, na meli siku hizi ni kila siku isipokuwa Jumapili. Lorna aje pia. Njoo kabla ya Julai kuisha, kaka. Nitakupeleka mwenyewe mpaka nyuma ya ukuta, utakaa kimya saa mbili, na wakituhesabu wawili wakaruka, basi tutakuwa tumewaona wakiruka.

Dada yako,
Murdina